Benseli ya Shingoni

Mwanamke anayevaa shungi hana sikio la kuwekea kalamu. Hili nililijua vizuri nilipoanza kusafiri kwenda Nairobi kukutana na waandishi wenzangu, vijana tunaosomeana kurasa zetu Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha duka moja la vitabu. Wao huchomeka kalamu nyuma ya sikio, mfukoni mwa shati, hata katikati ya nywele. Mmoja ana daftari la ngozi lenye kipete cha kalamu ubavuni, na kila anapolifungua huwa tunanyamaza kidogo kama watu walioletewa sinia. Mimi nina daftari la waya la kiganjani, la kununua dukani kwetu Garissa, lenye picha ya twiga kwenye jalada. Kwa muda mrefu kalamu yangu ilikuwa popote duniani isipokuwa pale daftari lilipokuwa.

Nilijaribu njia nyingi. Nilianza na lastiki niliyoitoa kwenye gogara kuukuu, ile sketi ya ndani, nikaizungusha kwenye jalada na kubana kalamu humo. Ilinifaa hadi joto lilipokolea. Joto la Garissa lina tabia ya kufungua vitu: gundi inaachia, wino unatoka kutembea, na lastiki hukauka ikakatika kama tambi mbichi. Baada ya lastiki nikapata kipande cha tyubu kwa fundi wa baiskeli. Hicho hakikukatika, lakini kilimpaka twiga wangu masizi, na kilishika kalamu kwa wivu kiasi kwamba kuichomoa kulihitaji mikono miwili na meno. Kisha binamu yangu, muuguzi kule Dadaab, akanipa mrija mpya wa dripu uliobaki. Nikaukata vipande viwili vifupi, nikavivisha kwenye waya wa daftari, kalamu ikapita ndani yake kama uzi tunduni. Huo ndio ulikuwa ufundi niliojivunia kuliko wote. Niliupeleka Nairobi na wenzangu wakaupitisha mkono kwa mkono.

Tatizo la mrija ni kwamba hubana kalamu ikiwa nyembamba tu, na kalamu ikianguka huwezi kujua imeanguka lini. Unafika mahali penye neno, unapeleka kidole kwenye waya, na kidole kinakutana na upepo.

Neno ninalolizungumzia lilikuwa la bibi yangu.

Kwetu bibi huitwa ayeeyo, naye humwita mjukuu wake vivyo hivyo, ayeeyo, kana kwamba mmeazimana jina na hakuna anayelirudisha. Anaishi nasi nyuma ya soko la mifugo. Kila asubuhi hukaa kwenye kigoda chini ya ukuta wa jikoni, chombo cha maziwa kikiwa mapajani, kile alichokisuka kwa nyuzi za mizizi ujanani mwake, na kukisukasuka hadi siagi itengane. Anapokisukasuka hutunga. Ndivyo wanawake wa rika lake walivyo: mkono ukiwa na mwendo, mdomo hutafuta mwendo wake. Na ana sheria moja ambayo haijavunjwa na mtoto wala mjukuu. Harudii. Ukimwomba mstari ulioupoteza atakwambia, "Neno halichemshwi mara mbili."

Msomaji ataniuliza kwa nini nisirekodi kwa simu. Nilirekodi, wakati mmoja. Nikaituma ile sauti kwa binamu mmoja tu, naye akaituma kwenye kundi la ukoo, na kundi la ukoo lina watu hadi ng'ambo. Wiki iliyofuata Ayeeyo alikwenda sokoni, na mwenye duka la sukari akamchezea sauti yake mwenyewe kutoka kwenye simu yake, akimsifu. Alirudi nyumbani hana rangi.

"Sauti yangu inatembea sokoni bila mimi," alisema. "Tena bila shungi."

Tangu siku hiyo akiona simu imelazwa karibu yake huifunika kwa bakuli. Kuandika aliruhusu. Alisema maandishi yana haya, hayasemi mpaka yaulizwe.

Mwaka jana, kabla ya mvua za vuli, zilikuja habari kutoka Hagadera, kambi ya wakimbizi kule Dadaab. Ayeeyo ana mdogo wake mmoja tu aliye hai. Aliolewa upande wa pili wa mpaka akiwa msichana, vita vikamrudisha huku na watoto mgongoni, na tangu kabla sijazaliwa anaishi kambini. Mwanawe wa kiume alikuwa amehangaikia karatasi zake kutoka nchi ya baridi mpaka tukaacha kuuliza. Sasa karatasi zimetoka. Mama yake atapanda ndege.

Sisi tulipiga vigelegele. Ayeeyo hakupiga. Alisema mdogo wake anakwenda kuzikwa kwenye barafu na watu wasiojua jina la baba yake. Akaendelea kusukasuka maziwa kwa nguvu kiasi kwamba siku ile siagi ilitoka mapema.

Mdogo wake alianza kupiga simu kila siku, nami ndiye niliyekuwa naipokea. Ayeeyo alikuwa ananipungia mkono: mwambie naswali.

"Saa nne asubuhi?" bibi mdogo aliniuliza kutoka Hagadera. "Dada yangu amekuwa walii siku hizi."

Alikuwa mcheshi, ila siku moja ucheshi ulimwishia. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba dada yake ndiye aliyemlea, mama yao alipofariki, kule malishoni upande wa Habaswein. Ndiye aliyemfunga kamba kiunoni wasipotezane kwenye vumbi la mifugo. "Siwezi kupanda kitu kinachoruka bila neno lake," alisema. "Hata likiwa tusi, niletee."

Nilimfikishia Ayeeyo maneno hayo. Aliendelea kuchota siagi. Lakini asubuhi iliyofuata, nikiwa napepeta mchele karibu naye, nilisikia mwendo wa chombo umebadilika. Ulikuwa umepungua, umekuwa na pumzi. Kwetu jambo zito halisemwi kavu. Husemwa kwa mashairi, na mashairi yana kanuni yake kali. Unachagua herufi moja, na kila mstari hadi mwisho lazima ubebe maneno yanayoanza kwa herufi hiyo. Ukiikosa mahali pamoja, wasikilizaji husikia kama vile umekanyaga mtoto. Ayeeyo alikuwa amechagua b.

Hapa nitayaleta kwa Kiswahili, nikijitahidi nisizipoteze b zake:

*Barabara imekubeba, mimi nimebaki na bakuli,*
*Bega ulilolalia bado lina joto lako.*

Niliacha ungo, nikaandika. Kalamu siku hiyo ilikuwapo, ndani ya mrija wake. Ayeeyo aliniona, akaendelea kusukasuka, na mimi nikajua hili ndilo neno analolisubiri mdogo wake, nami ndiye nitakayelibeba. Nyonga ya Ayeeyo haiwezi tena safari. Simu haitaki. Njia ilikuwa moja: daftari la twiga.

Mistari ilikuja kidogo kidogo, mmoja leo, miwili kesho, siku nyingine hakuna. Huko Hagadera siku ya safari ikapangwa, Alhamisi.

Kisha ikaja asubuhi ya lori la maji. Dereva alitaka kalamu ya kuweka sahihi, mjomba wangu akachomoa yangu kwenye waya, na kalamu ya kuazima, kila mtu anajua, ni mhamiaji. Lori liliondoka nayo. Mimi sikujua. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na Ayeeyo nikikata vitunguu alipoanza mstari mpya, mrefu, wenye bonde ndani yake na watoto wawili na kitu kilichomfanya atabasamu katikati ya kuusema. Nilipeleka kidole kwenye waya. Upepo.

Nilikimbilia ndani. Nilipindua mikoba, mito, nikapata kalamu ya dada yangu isiyo na wino na penseli ya shule isiyo na ncha. Niliporudi chombo kilikuwa kimenyamaza na Ayeeyo alikuwa anachota siagi kwa kidole.

"Rudia, ayeeyo, tafadhali."

Aliinua macho. Nilijua atakachosema, naye alijua kwamba najua, kwa hiyo hakusema.

Nilijaribu kuukumbuka. Bonde nililikumbuka, na tabasamu. Mengine yalikuwa yamekwenda na lori la maji. Na baya zaidi, shairi likasimama. Kesho yake Ayeeyo alisuka maziwa kimya. Kesho kutwa vilevile. Bibi mdogo alipopiga simu nilimwambia linakuja, inshallah linakuja, huku nikitazama mgongo alionigeuzia Ayeeyo. Ungedhani ni mimi ninayesafirishwa.

Siku ya tatu Ayeeyo alinyoosha mkono. "Lete hicho."

Nilimpa daftari. Aligusa ile mirija ya dripu kwa ukucha, akaigeuza huku na huku.

"Daftari lako ni mgonjwa?"

Nilimweleza ilivyo kazi yake. Nikamweleza pia lastiki, na tyubu ya baiskeli, na kalamu iliyovuja kwenye mkoba nikiwa ndani ya basi hadi nikashuka na kiganja cha buluu. Alisikiliza kwa huruma, kama anayesikiliza habari za mtu aliyejitibu mwenyewe. Kisha akaingiza mkono chini ya shungi lake na kutoa kichupa chake cha wanja.

Nimekiona kichupa hicho maisha yangu yote, kwa hiyo sikuwahi kukiangalia. Ni ala ndogo ya ngozi, nyembamba kama kidole, ndani yake wanja. Kifuniko ni cha ngozi pia, na kijiti cha kupakia kimeshonewa kwenye kifuniko, kinaning'inia ndani. Kifuniko kimefungwa kwa ala kwa ukanda mfupi. Ala inaning'inia shingoni kwa ukanda mrefu. Ukitaka wanja unavuta kifuniko, na kijiti kinakuja. Ukimaliza unarudisha. Hakuna kitu humo kinachoweza kwenda peke yake.

"Umewahi kuniona natafuta kijiti?" aliuliza.

Sikuwahi. Nilimwona akipaka wanja kwenye giza la umeme uliokatika, akipaka huku akigombana na muuza mkaa, bila kutazama.

"Lete beni," akasema. Kisha akajisahihisha. "Hapana. Beni hutapika. Lete benseli."

Hapo ni lazima nieleze kitu kwa msomaji wa mbali. Kisomali hakina p. Watu wazima wa kwetu wanapoongea Kiswahili, kila p hupita kwenye midomo yao ikitoka b: bilau, bolisi, Bwani badala ya Pwani. Sisi tuliosomeshwa tulipigwa vidole kwa ajili ya p. Mwalimu wetu wa darasa la pili alitushikisha karatasi mbele ya mdomo. Ukisema p sawasawa, karatasi inacheza. Nilikuwa hodari. Karatasi yangu ilicheza sana. Hadi leo nikimsikia Ayeeyo akisema benseli, kuna mtoto ndani yangu anayeshika karatasi.

Nikamletea ile penseli ya shule, nikaichonga kwa wembe. Yeye akatoa ukanda wa zamani wa ngozi ya mbuzi uliokuwa wa chombo kilichovunjika, akauloweka kwenye maji hadi ukalegea. Akauviringisha kwenye penseli ukiwa mbichi, akashona ubavu wake kwa msumari na uzi mzito, kushona kwa kurudi nyuma, mshono mmoja ukikanyaga mwenzake. Macho yake hayaoni vizuri karibu. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinasoma. Akaiacha ikaukie penseli ikiwa ndani, ili ngozi ishike umbo. Kisha kifuniko: kofia ndogo iliyoshonewa kwenye kisigino cha penseli. Kisha ukanda mfupi wa kifuniko na ala, na mwingine kati ya ala na waya wa daftari.

Ukanda wa shingoni aliupima mwilini mwangu. Aliniagiza nichuchumae, nikachuchumaa, daftari gotini. Akavuta ngozi kutoka kisogoni hadi penseli ilipogusa pembe ya chini kabisa ya ukurasa.

"Sasa hata ukiandika neno la mwisho hutalazimika kujinyonga," alisema.

Nilivaa. Daftari lilikaa tumboni chini ya shungi, ala pembeni yake, vyepesi, vikinukia mbuzi na moshi. Niliinuka, nikainama, nikaruka mahali pamoja kama mtoto, na hakuna kilichoanguka. Ayeeyo alikwishageuka kwenye chombo chake. Alianza kusukasuka, na mwendo ulikuwa ule wenye pumzi.

*Benseli nimeifunga kamba, neno lisibaki bondeni.*

Mkono wangu uliufikia ule mstari kabla haujapoa. Nilivuta kifuniko, penseli ikaja, nikaandika nikiwa nimesimama. Bonde lilikuwa limerudi. Hakuwa amerudia mstari uliopotea. Alikuwa ametunga mwingine juu ya kaburi lake. Nikakumbuka yale ya bibi mdogo, kamba kiunoni kwenye vumbi la mifugo, na nikaelewa ni nani hasa aliyekuwa anafungwa.

Mstari wa mwisho aliutoa Jumatano alfajiri, nikiwa nimekwisha kuvaa viatu. Aliutoa bila maziwa, mikono mitupu:

*Basi beba baraka yangu, na baridi ibebwe na wengine.*

Akaniambia niende, basi halimngoji mtunzi.

Kwenye kizuizi kimoja njiani askari walitushusha kuangalia vitambulisho. Aliyekuwa na zamu ya kuandika majina aliona ukanda shingoni mwangu, akataka kujua kama ni hirizi. Nilimwambia ni penseli. Hakuamini mpaka nilipovuta kifuniko. Akaitazama kwa tamaa ya mtu anayefanya kazi ya kuandika, kisha akatikisa kalamu yake mwenyewe, ilikuwa imekauka.

"Niazime kidogo, dada."

Nilimwazima. Ukanda haukufika, kwa hiyo ilibidi niiname mezani pake, kichwa changu karibu na kofia yake, huku akiandika majina ya abiria waliokuwa nyuma yangu. Wakapita wote wakinicheka. Mzee mmoja aliuliza kwa Kisomali kama nimeajiriwa au nimekamatwa. Alipomaliza, askari aliachia penseli, nayo ikarudi kifuani pangu yenyewe. Nadhani ndiyo ya kwanza kuazimwa na kurudi katika historia ya barabara ile.

Hagadera nilimkuta bibi mdogo ameketi kwenye mkeka mbele ya kibanda chake, mkoba mmoja umefungwa, mwingine wazi. Majirani walikuwa wanaingia na kutoka, kila mmoja na kitu cha kwenda nacho: samli, ubani, uji wa unga wa mtama ambao hauwezi kupanda ndege. Punda wa gari la kukodi alikuwa amefungwa kwenye nguzo tayari kwa ajili ya kesho, akila boksi. Bibi mdogo alinitazama mikono kwanza, kama mtu anayesubiri barua. Ilikuwa mitupu. Uso wake ukaanza kujifunga.

Nilivuta daftari kutoka chini ya shungi.

Kabla sijalifungua aliishika ile ala. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono, taratibu, kurudi nyuma. "Mkono wake bado unakanyaga," alisema. Akawaomba majirani wakae au watoke. Walikaa.

Nikasoma. Nilisoma kwa mwendo wa chombo cha maziwa, kadiri nilivyoukumbuka, na wanawake wakaanza kupiga makofi ya chini chini kuushika. Barabara na bakuli. Bega na joto. Bibi mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza kwa kisogo, na kila b ilipopita alitikisika kidogo kama mtu anayehesabiwa mifugo yake na kuikuta yote. Nikafika kwenye mstari wa kamba.

"Penseli nimeifunga—"

Makofi yalikatika. Mwanamke mmoja alifyonza. Bibi mdogo aliinua kichwa na kunitazama kana kwamba nimemwaga maziwa.

Niliangalia ukurasa. Hapo ilikuwa, kwa mwandiko wangu wa haraka, katikati ya Kisomali safi: penseli. P kubwa, sahihi, yenye tumbo. Nilikuwa nimesikia b kwa masikio yangu na mkono ukaandika p, kwa sababu mkono ulipigwa ukiwa darasa la pili. Karatasi ilikuwa imecheza, na shairi likaanguka chini.

"Hilo si la dada yangu," bibi mdogo alisema. "Hili umelitunga wewe, mtoto wa shule. Umenionea huruma."

Nadhani sijawahi kuogopa hivyo mbele ya wasikilizaji. Si kwa ajili ya jina langu. Niliona kwamba kama hataamini mstari huu hataamini hata mmoja, na kesho atapanda kitu kinachoruka akiwa na maneno ya mjukuu. Niliapa, wallahi, ni lake. Nikamwambia dada yake mwenyewe ndiye aliyelitia neno hilo, siku aliyonishonea ala hii. Aliendelea kunitazama.

"Alilisemaje?"

"Bibi, mimi nimeandika—"

"Sikuulizi uliandikaje. Alilisemaje?"

Nikalisema kama alivyolisema, kwa midomo yake, na kicheko chake cha puani kabla ya herufi ya kwanza. "Benseli."

Bibi mdogo akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika mkeka. Aliwaambia wanawake kwamba dada yake alipopata kufika dukani Habaswein kwa mara ya kwanza, wakiwa wasichana, alirudi malishoni akilitamba neno hilo siku nzima, benseli, benseli, kama aliyenunua farasi, na hakuwa hata ameigusa. "Ni yeye," alisema. "Hakuna mwingine anayeweza kulipanda." Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Endelea. Anza pale pale. Na uliseme vizuri."

Nilianza pale pale. *Benseli nimeifunga kamba, neno lisibaki bondeni.* Makofi yakarudi. Kwenye mstari wa mwisho alifunua viganja vyake, akaipokea baraka kama tunavyopokea dua, na akajipangusa nayo usoni.

Kisha akaninyooshea kidole. Shairi lililotumwa halirudi bila mwenzake. "Andika," alisema, huku akianza kukunja nguo za mkoba wa pili, na kwa mwendo wa kukunja akajibu, kwa herufi ile ile. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, daftari gotini, na ukanda ulifika hadi pembe ya chini ya ukurasa bila kuninyonga.

Nilirudi Garissa Ijumaa, ndege ikiwa imekwisha kuondoka. Ayeeyo alikuwa kwenye kigoda chake, maziwa yamekwisha, bakuli la siagi kando yake limefunikwa kwa sahani kwa ajili ya nzi. Hakuuliza kama nilifika salama. Aliuliza, "Alicheka wapi?"

Nilimwambia kwenye benseli, na nikamwambia kwa nini. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na ulisomeshwa," alisema.

Kisha akafunga macho, yaani soma. Nikamsomea jibu la mdogo wake:

*Benseli yako nimeiona, mbishi wangu, haijabadilika.*
*Blanketi watakalonipa bure halizidi baraka yako.*
*Bakuli lako usilifunike, bado nitabisha hodi.*

Mbuzi wa jirani alipita akakohoa kama mtu. Baada ya muda Ayeeyo alipeleka mkono kando, bila kufumbua macho, akaiondoa ile sahani juu ya bakuli na kuilaza chini. Nzi mmoja akatua ukingoni papo hapo. Alimsikia, uso ukamkunjamana, lakini hakulifunika tena.

"Rudia," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Maisha yangu yote sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nikavuta kifuniko kwanza, penseli ikaja, nikarudi ukurasa wa mstari wa kamba na kuipa ile P tumbo jingine chini mpaka ikawa B. Kisha nikasoma tena tangu mwanzo, na alipotaka mara ya tatu nikasoma mara ya tatu.